Gome la Ujana: Shikamoo ya Najat

Wiki iliyopita tulimwacha Swabaha mkono wake uko kwenye mlango wa friji ya maabara, Ijumaa, saa saba na robo mchana, wenzake wote wako msikitini au kwa mama ntilie, na nyuma yake sauti ya kiume ikasema: "Usifungue."

Mmenitumia meseji wiki nzima mkiuliza ile ni sauti ya nani. Msomaji mmoja wa Ngarenaro kanitisha kabisa kwamba ataacha kununua gazeti. Haya, tulieni. Ilikuwa sauti ya Dokta Eliud Kaaya, mwenye maabara, bosi wake Swabaha.

Swabaha hakugeuka. Alifungua.

Chupa ya kahawia ilikuwa rafu ya juu, pale pale alipoiona Jumatatu. Aliinyakua akaitikisa. Haikulia. Akaipindua juu chini kwenye kiganja chake, halikudondoka hata tone.

"Dokta, dawa iko wapi?"

"Nilikwambia usifungue."

"Dawa iko wapi?"

Dokta Eliud alivuta stuli akakaa, kama mtu aliyebeba mzigo toka stendi. "Nimeinywa," akasema.

Kama leo ndiyo mara yako ya kwanza kushika hadithi hii, usihangaike kutafuta magazeti ya nyuma. Swabaha ana miaka thelathini na sita, anaishi Kaloleni, na kazi yake ni kutunza panya weupe katika maabara moja ya mimea huko Olasiti. Ana mdogo wake wa pekee, Najat. Najat ana miaka thelathini na mmoja, lakini ukimwona utampisha kiti.

Alipofika ishirini nywele zilianza kuwa nyeupe. Ishirini na tano, mtoto wa jicho macho yote mawili. Ngozi ikasinyaa, sauti ikawa nyembamba, magoti yakagoma. Madaktari walisema ni ugonjwa wa nadra, mwili unazeeka mbio na dawa hakuna. Wiki mbili zilizopita mmoja wao alimvuta Swabaha nje ya mlango akamwambia moyo wa Najat umechoka, ahesabu miezi, asihesabu miaka.

Sasa mtu aliyeambiwa hivyo, halafu kila siku anakwenda kazini kulisha panya wanaokataa kufa, mnadhani atafanya nini?

Maana ndivyo ilivyokuwa. Panya wa kawaida hafiki miaka mitatu. Panya namba kumi na saba alikuwa anaingia wa nne na bado anakimbia kwenye gurudumu lake. Alikuwa ananyweshwa maji ya gome la mti kutoka Mlima Meru, na aliyekuwa anayapika ni Swabaha mwenyewe. Kila asubuhi aliyachemsha magome mara tatu. Maji ya kwanza aliyamwaga, kama karatasi iliyobandikwa ukutani ilivyoagiza. Kwa nini yamwagwe, hakuwahi kuuliza. Mshahara wake haukuwa wa kuuliza.

Magome ya panya yaliisha mwezi uliopita. Kilichobaki kilikuwa ile chupa ya kahawia, ambayo Dokta aliitengeneza kwa mkono wake.

"Umeinywa ya nini?" Swabaha alimfokea bosi wake kwa mara ya kwanza katika miaka minane. "Unaumwa nini wewe? Una miaka hamsini na nane, gari unaendesha, nyama choma unakula!"

"Baba yangu alikufa na hamsini na tisa," Dokta Eliud alisema. "Kaka yangu mkubwa hamsini na tisa. Wa pili hakufika hata hapo. Mimi natimiza mwezi ujao, Swabaha. Silali."

"Na Najat?"

"Sikumfikiria Najat."

Angalau alisema kweli. Swabaha alitaka kumrushia chupa usoni, akajikuta anamtazama macho. Sehemu nyeupe ya macho yake ilikuwa ya manjano, manjano hasa, kama ameyapaka bizari ya mchuzi.

"Ulikunywa kiasi gani?"

"Vijiko viwili kila asubuhi, miezi minne. Na sikuchemsha kama unavyowachemshia panya. Moto unaua nusu ya nguvu. Mimi niliyaloweka kwa maji baridi." Alijikuna mkono kwa nguvu. "Tangu wiki mbili hizi nawashwa mwili mzima."

"Nionyeshe yanakotoka."

"Huwezi kwenda."

"Nionyeshe, au napiga kelele nawaambia wafadhili wako wote kwamba dawa ya utafiti umeifanya chai."

Dokta Eliud alifumba macho. "Akeri. Kwa Mzee Sifaeli, juu ya kanisa. Lakini sikiliza. Mzee alinipa gome kiganja kimoja kimoja, kwa imani. Mwaka jana nilikwenda hayupo, nikaubandua mti mzima, kuzunguka shina lote. Mti umekauka. Ameapa mtu yeyote wa maabara hii akikanyaga kwake, harudi na miguu yake. Mimi ni Mmeru, najua wazee wa kwetu wakiapa wanamaanisha."

Swabaha alikuwa ameshavua koti jeupe.

"Swabaha, subiri! Kuna jambo kuhusu hiyo dawa..."

Mlango ulishajipiga. Angesubiri nusu dakika tu, leo mngekuwa mnasoma hadithi nyingine, na mimi ningelala vizuri zaidi.

* * *

Kaloleni alimkuta Najat amekaa kwenye ngazi ya nyumba anaota jua. Mwanamume mmoja mwenye mvi alikuwa anapita na kikapu cha sokoni, akasimama kwa heshima.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba baba," Najat akajibu. Zamani alikuwa anaeleza. Miaka sita sasa amechoka kueleza, anaitikia tu.

Kila Swabaha aliposikia hilo, kitu kilimkata ndani. Leo kilimkata mara mbili.

"Inuka mdogo wangu. Tunakwenda Meru."

"Kufanya nini?"

"Kuchukua dawa yako."

Jirani yao, Mama Vaileth, Mmeru muuza maziwa mgando, alikuwa anaosha madumu hapo nje. Swabaha alimweleza nusu nusu: mzee fulani, hasira fulani, mti fulani.

"Yesu wangu," alisema Mama Vaileth. "Usiende mikono mitupu. Mpelekee sale. Jani la sale. Kwetu ukikosa, unashika jani la sale kwa mikono miwili unampa uliyemkosea. Hata kama ulimuulia ng'ombe, hawezi kukufukuza."

"Nitalipata wapi?"

"Sale? Huko juu liko kila mahali."

Akarudi kwenye madumu yake. Hakuongeza kitu, wala msimlaumu. Mtu aliyezaliwa Meru hahitaji kuambiwa sale gani linachumwa na lipi haliguswi. Mtoto wa miaka mitano anajua. Mama Vaileth alisahau tu kwamba anaongea na mtu ambaye babu zake walitoka Kondoa.

Shabani wa mtaa wa pili aliwapeleka kwa Noah yake. Waliiacha lami ya Moshi wakaanza kupanda kati ya migomba na kahawa, na kila tuta Najat alishika kifua.

"Dada."

"Naam."

"Tukikosa leo, turudi nyumbani tupumzike, sawa? Nimechoka kubebwa."

"Hatukosi."

"Nimesema tukikosa."

"Na mimi nimesema hatukosi, Najat!" Sauti ilimtoka kwa ukali, na Shabani akaongeza redio ili asionekane anasikiliza.

Kwa Mzee Sifaeli palijulikana haraka. Mama mmoja wa shambani aliwaelekeza kwa kidole bila kuuliza wao ni nani. Noah ilisimama kwenye kijia cha kuingilia. Kwa mbali, nyuma ya nyumba ya mabati mekundu, Swabaha aliuona ule mti. Mkubwa, mkavu, hauna jani hata moja, shina lake limevuliwa kuanzia kiunoni mwa mtu kwenda juu. Hata hivyo akajiambia lazima kuna akiba. Mzee gani hana akiba?

"Nisubirini humu," akasema.

Na pale pale, kando ya kijia, yalikuwa masale. Kichaka kizima, marefu, ya kijani kibichi, yamepandwa kuzunguka mawe yaliyopangwa vizuri. Swabaha alimshukuru Mungu. Akachagua jani refu kuliko yote, akalikata kwa meno.

Mwanamume mmoja mpana wa kifua alikuwa anakata majani ya migomba kwa ajili ya ng'ombe. Huyo ni Elihuruma, mtoto wa Mzee Sifaeli.

"Karibu mama. Nikusaidie?"

Swabaha alipiga magoti kwenye matope, akanyoosha jani kwa mikono miwili, kichwa chini.

Elihuruma alishtuka. Alifuta mikono kwenye suruali, uso wake ukalainika. "Nani amekufundisha hivi? Wewe si wa huku."

"Nimekuja kuomba msamaha kwa Mzee. Si kosa langu, lakini nauomba mimi."

"Inuka kwanza. Lete..." Alinyoosha mkono kulipokea, akaliona jani linatoa utomvu bado. "Hili umelichuma sasa hivi. Wapi?"

"Hapo njiani."

"Wapi njiani?"

Swabaha alionyesha kwa kidole, na kabla kidole hakijashuka alishajua ameharibu.

"Hapo?" Elihuruma alisema taratibu. "Pale kwenye mawe?"

"Ndiyo, kaka."

"Lile ni kaburi la mama yangu!"

Alinguruma kama fahali. Kuku walitawanyika. "Umeingia kwetu, umemchuma mama yangu kaburini, halafu unaniletea mimi kwa mikono miwili! Umetumwa na nani? Umetumwa na Eliud?"

Wasomaji, hapa mimi ningedanganya. Swabaha hakuwa na nguvu ya kudanganya.

"Nafanya kazi kwake, lakini sikutumwa..."

Panga lilipanda juu. "Ondoka. Ondoka kabla sijawa muuaji!"

"Nikate," alisema Swabaha. "Ukishanikata mpe mdogo wangu dawa."

Mlango wa Noah ulifunguka. Najat alishuka, mkono mmoja kwenye fimbo, mwingine kwa Shabani, khanga imemteremka kichwani, mvi zote nje. Alikuja hatua kwa hatua mpaka akasimama kati ya dada yake na lile panga.

Elihuruma akalishusha saa ile ile. Hasira ni hasira, lakini malezi ni malezi. Akainamisha kichwa.

"Shikamoo bibi. Nisamehe, sikujua kuna mtu mzima."

Najat alifungua mdomo aitikie marahaba, kama mazoea. Haikutoka.

"Usiniamkie," akasema. "Leo usiniamkie. Mimi ni mdogo wako. Nina miaka thelathini na mmoja."

"Nini?"

"Thelathini na mmoja. Nimezaliwa Kaloleni."

Elihuruma alimtazama, akamtazama Swabaha, uso ukaanza kukunjamana upya. "Mnanifanyia mchezo? Hapa kwetu?"

"Elihuruma. Weka panga chini."

Sauti ilitoka barazani. Mzee Sifaeli alikuwa amekaa kwenye kiti cha kamba, blanketi mabegani, kofia ya kanisani kichwani. Ana themanini na kitu, na hata mtoto akimwona angesema themanini na kitu. Hakumtazama Swabaha wala lile jani. Alimtazama Najat, muda mrefu, kama mtu anayesoma barua ya ndugu yake.

"Sogea," akamwambia. Najat akasogea.

"Sasa binti," alisema Mzee Sifaeli, "kwenu hawakukufundisha kuamkia wakubwa?"

Midomo ya Najat ilianza kutetemeka.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu nyumbani."

Najat alilia. Alilia kwa sauti, hapo hapo barazani, ameshika nguzo. Miaka sita hakuna binadamu aliyekubali shikamoo yake. Watoto walimkimbia, wazee wenye mvi walimwinamia, na leo mtu asiyemjua amemwona umri wake. Swabaha naye alilia, na Shabani akajifanya anakagua tairi.

* * *

Waliingia ndani. Swabaha alieleza yote, mpaka friji, mpaka chupa. Mzee alisikiliza bila kumkatiza.

"Ulijuaje ni mdogo?" Swabaha aliuliza mwishoni. "Watu wote wanadanganyika."

"Kwa sababu nimemlea mwingine." Mzee alielekeza kichwa upande wa jikoni, nyumba ndogo iliyokuwa nyuma ng'ambo ya ua. "Binti yangu Ndeshi. Alianza na nywele, akiwa na ishirini na miwili. Waganga wakasema amelogwa, daktari akasema hafiki arobaini. Babu yangu ndiye aliyeujua mti huu, tukaanza kumpikia. Mwezi wa nane Ndeshi anatimiza hamsini na mitatu."

Swabaha alisogea mbele. "Amepona?"

"Hajapona. Anaishi."

Kwa Swabaha hilo lilitosha mara elfu. Hamsini na mitatu! Toa thelathini na mmoja, ni miaka ishirini na miwili. Alikuwa tayari kuipokea hiyo siku moja moja, akiwa amepiga magoti.

"Babu, tunaomba. Kidogo tu."

Mzee Sifaeli alilivuta blanketi mabegani. "Mti umekufa, umeuona. Tumepanda miche, lakini mche unataka miaka saba kabla hujaugusa. Magome yaliyomo ndani humu ni ya Ndeshi, nayo kwake hayatoshi. Mimi siwezi kuyatoa. Si yangu. Ngoja nimuulize mwenyewe, yuko jikoni anapika."

Alijikongoja kwenda nje kwa mlango wa nyuma, Elihuruma akamfuata. Dada wawili wakabaki peke yao.

Haikupita dakika, sauti zikaanza. Kimeru kitupu. Elihuruma anafoka, kitu kinapigwa mezani, mwanamke analia, Elihuruma anafoka tena. Swabaha hakijui Kimeru hata salamu, lakini hasira haina lugha. Wamekataa, akajiambia. Wana haki, na wamekataa.

Hapo ndipo pua yake ilipomwambia.

Ile harufu. Chungu, nzito, yenye utamu kidogo mwishoni, harufu ya kila asubuhi yake kazini. Aliifuata kwa macho. Kando ya mlango wa nyuma, chini kabisa, kulikuwa na kibuyu kimefunikwa kwa kipande cha jani la mgomba. Alikwenda akakifunua. Kimejaa. Maji meusi, ya vuguvugu.

Niwaambie alichofikiri, maana baadaye alikikiri mwenyewe. Alifikiri: Ndeshi ana hamsini na mitatu, ameishi. Najat hajaolewa, hajazaa, hajacheza harusi hata moja bila kukalishwa na mabibi. Alifikiri: huu ni wizi, tena kwa mgonjwa, katika nyumba iliyomkaribisha mdogo wangu kwa umri wake wa kweli. Alijiona mnyama. Halafu akakibeba kibuyu.

"Kunywa."

"Ni ya nani?" Najat aliuliza.

"Yako."

"Babu amesema?"

"Amesema. Kunywa haraka."

"Mbona sijamsikia akisema? Dada, mbona mikono inakutetemeka?"

"Najat, katika maisha yako nimewahi kukupa kitu kibaya?"

Najat alimtazama dada yake, yule aliyemlea tangu mama yao afariki, aliyeuza cherehani kwa ajili ya macho yake. Akatikisa kichwa. Hajawahi.

Akanywa.

"Chungu!"

"Dawa zote chungu. Maliza."

Akafumba macho, akamaliza mpaka tone la mwisho. Swabaha alikirudisha kibuyu mahali pake, akakifunika kwa lile jani la mgomba, akarudi kukaa na sale lake mapajani. Nimeshinda, akajiambia. Wanikate, wanifunge, nimeshinda.

Mlango wa nyuma ulifunguka. Aliingia Mzee, akaja Elihuruma macho mekundu, na nyuma yao akaja mwanamke mdogo wa umbo, mvi tupu, mikono myembamba, pua iliyochongoka. Najat alijiziba mdomo. Ungesema amewekewa kioo.

Mwanamke yule alibeba sinia yenye vikombe viwili vinavyotoa moshi.

"Mdogo wangu," Ndeshi alisema, na sauti ilikuwa ile ile nyembamba ya Najat. "Pole kwa kelele. Kaka ananililia mimi, msimchukie. Amekubali. Nimegawa nusu kwa nusu, tutakunywa sawa mpaka miche ikue, tukifika tumefika. Haya, yameshachemka mara ya tatu, chukua cha moto."

Aibu ilimfunika Swabaha kuanzia nyayo. Walikubali! Angekaa dakika tano tu mikono yake mapajani, angepewa kwa heshima kile alichokiiba. Alifungua mdomo aseme, amwombe Ndeshi radhi, amwambie sehemu yake ameinywa mdogo wake, atamlipa hata kwa damu.

Hakupata nafasi. Ndeshi aliweka sinia mezani, akainama mlangoni kuchukua kibuyu. Kilipaa mkononi kwa wepesi.

"Baba, umeyamwaga?"

"Nini?"

"Maji ya kwanza. Niliyaweka hapa yapoe, nikayatupe chooni kuku wasiyaguse."

Maji ya kwanza.

Swabaha aliiona ile karatasi ya ukutani. Aliuona mkono wake mwenyewe, asubuhi baada ya asubuhi, miaka minne, unainamisha sufuria juu ya sinki. Hakuwahi kusahau hata siku moja kwa ajili ya panya. Aliyaona macho ya Dokta Eliud, manjano, na kumsikia akisema hakuchemsha, na kumsikia akiita subiri, kuna jambo.

"Nani ameyanywa?" Ndeshi aliuliza.

Najat aliinua mkono polepole, kama mwanafunzi. "Mimi. Dada ameniambia ni yangu."

Kikombe kimoja kilianguka. Mzee Sifaeli alisema neno moja la Kimeru akakaa chini, sakafuni, yeye mtu mzima. Ndeshi alishamshika Najat mabega, anamwingizia vidole kinywani, anampigia kaka yake kelele alete maziwa, alete majivu, alete chochote.

Elihuruma hakusogea. Hasira yote ilikuwa imemtoka. Alikuwa anatazama mapajani mwa Swabaha, pale lilipolala lile jani la sale ambalo hakuna aliyekubali kulipokea.

"Mama alirudi kutoka shambani na kiu," alisema taratibu. "Akadhani ni maji ya ndizi. Alikunywa nusu ya hapo, mama yetu, nusu tu. Ndiye yule uliyemchumia sale kaburini."

Najat alimgeukia dada yake. Jasho lilikuwa limeanza kumtoka kwenye paji la uso, na alikuwa bado anajaribu kutabasamu.

"Dada," akasema, "mbona huniangalii?"